Picha ya Amboni
Ndani ya mapango ya Amboni, nje kidogo ya mji wa Tanga, mwongoza watalii alimulika tochi kwenye kona ya mawe ya chokaa. Chupa za marashi, vitambaa, sarafu. "Wengine huja kuomba mtoto, dada." Nikapiga picha.

Mimi nililipa kiingilio, nikawapigia popo kelele, nikacheka. Aliyeacha chupa ile aliinama palepale nilipoinama, na haja ambayo huenda hata jirani yake haijui. Nilijitetea kwamba siamini mizimu. Lakini nilichopiga picha si mzimu.

Nikamuuliza mwongozaji kama tunakosea.

"Wakiwamo wenyewe, wageni husubiri nje."

Leo hawakuwamo. Picha bado ninayo, sijamwonyesha mtu.