KWA NINI HAWAKUVIUZA?

Kijana mwenzangu, simama kidogo usome karatasi hii.

Je, unavyo vitabu unavyovipenda lakini mtu akija unavificha? Kimoja cha nyota, kingine cha dawa ya mvuto, kingine cha kuwafunga maadui. Umevikusanya kimoja kimoja kwa hela ya jasho lako. Wako watu waliokuwa kama wewe.

WATU WA EFESO

Efeso ulikuwa mji mkubwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mtume Paulo alihubiri pale zaidi ya miaka miwili. Wengi wakaamini, kumbe vitabu vya uganga bado viko nyumbani! Mguu mmoja kwa Yesu, mguu mwingine kwa mganga.

Siku moja wana saba wa Skewa wakalitumia jina la Yesu kama hirizi. Mtu mwenye pepo akawarukia, wakakimbia uchi na majeraha (Matendo 19:13-16). Hofu ikaingia mjini. Wenye vitabu wakavileta wenyewe, wakavichoma mbele ya watu wote. Bei yake ikahesabiwa: vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19).

Hebu piga hesabu. Kama kipande kimoja ni kibarua cha siku moja, hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa miaka zaidi ya 130, bila kupumzika hata siku moja!

Sasa mbona hawakuviuza? Kitu chenye bei kina mnunuzi. Wangejenga nyumba, wangetoa hata sadaka. Lakini kilichokufunga wewe, ukimwuzia mwenzako kitamfunga na yeye. Umejivua mnyororo ukamvika jirani, huo ni wokovu gani?

USICHOME DAFTARI ZA SHULE!

Vitabu sio dhambi. Paulo huyo huyo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee vitabu (2 Timotheo 4:13). Tena kule Efeso hakuna aliyeburutwa, wala aliyeingia kwa jirani kuchoma cha mtu. Kila mmoja alileta cha kwake.

CHA KWAKO NI KIPI?

Pengine sio kitabu. Ni hirizi kiunoni, au picha chafu ndani ya simu. Kuachana na ulichokipenda kunauma, na Biblia haikuficha bei. Tena unaogopa: nikikitoa, nani atanilinda? Rafiki, Yesu alikufa kwa ajili yako, akafufuka, yu hai. Kesho yako anaijua bila kufungua kitabu cha nyota.

Sema naye sasa hivi:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, nisamehe. Nilichokificha unakijua. Leo nakitoa. Ingia moyoni mwangu, uwe mlinzi wangu. Amina."

Umeomba? Basi usilale nacho usiku wa leo. Kitoe! Kisha mwone mtumishi aliyekupa karatasi hii, aombe pamoja nawe.

Mungu akubariki.