Stara na Weupe wa Jicho

Katika fadhila ambazo watu wa pwani wamewarithisha watoto wao, stara ina daraja ya juu: mwungwana akiona aibu ya mwenziwe huifunika, na bila ya fadhila hiyo mitaa yetu isingekalika. Lakini liko swali ambalo naona halijapewa haki yake: mtu akiona weupe wa macho ya jirani yake umegeuka manjano, je, kunyamaza kwake ni stara au ni hiana?

Manjano hayo mara nyingi ni dalili ya ini kuugua, na uzito wa swali hili unatokana na tabia ya ini lenyewe. Ndani ya nyama yake halina hisia ya maumivu, ila katika utando unaolizunguka. Na Mola amelijaalia akiba kubwa ya nguvu, hata sehemu yake kubwa ikiharibika mwenyewe aweza kuendelea na shughuli zake, akilalamikia uchovu na kukosa hamu ya chakula tu, mambo ambayo kila mtu huyasingizia kazi na jua. Dalili iliyo wazi inapozuka, mara nyingi huzuka mahali asipopaona yeye, machoni mwake. Habari ya maradhi yake basi humfikia mwingine kwanza, nayo ni amana ya kurudishwa kwa mwenyewe.

Kutazama nako kuna adabu zake. Taa ya usiku hudanganya. Manjano hutambulikana mchana. Na kwa kuwa wengi wetu, kwa jua na vumbi, sehemu ya jicho iliyo wazi imeingia uhudhurungi, yafaa kope ivutwe taratibu ionekane sehemu inayofichika siku zote. Hapo ndipo mtu aulizwe faraghani kama mkojo wake umekoza mfano wa chai ya rangi na choo chake kimepauka, maana nyongo ndiyo inayokipa choo rangi, na ikizibiwa njia hurudi damuni ikatokea katika mkojo. Aulizwe pia juu ya kuwashwa mwili, kuvimba miguu na kujaa tumbo. Akitapika damu, wakati wa mazungumzo umekwisha, apelekwe hospitali.

Najua kinachowafunga watu ndimi: ni dhana ya kwamba maradhi haya hayampati ila mlevi au aliyerogwa. Pombe ni sababu mojawapo, wala siipunguzii ubaya wake. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B mtoto aweza kuvipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, akaishi navyo miaka mingi bila ya kujua. Kichocho cha matumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, hulitia ini makovu. Na mwaka 2004, mashariki ya Kenya, Makueni na Kitui hasa, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumukuvu, sumu ya ukungu inayoharibu ini, mengi yao yakiwa yamevunwa katika mashamba yao wenyewe. Hapo iko wapi aibu ya kufunikwa?

Wala nasaha hii haingoji. Ini likishindwa kuisafisha damu, sumu hufika ubongoni: mgonjwa hulala mchana akakesha usiku, mikono humpapatika, maneno humpotea, na tangu hapo wengine ndio watakaomwamulia kila jambo. Aambiwe angali na akili yake timamu, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, ili kwenda kwa tabibu kuwe ni uamuzi wake mwenyewe.