Mtoto Arithipo Ugonjwa, Je, Arithi na Kosa?

Mtoto azaliwapo mgonjwa, na mdogo wake naye akawa vile vile, jamaa hukusanyika na kuuliza: Ni nani aliyekosa? Ndilo swali la wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua kama kosa lilikuwa lake au la wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Hata hivyo swali halijafa, na wapo wabatizwa wanaolipeleka kwa mfumu usiku.

Mfano mmoja waweza kuwaangazia. Huko Norrbotten, kaskazini ya Uswidi, daktari Rolf Kostmann aliona watoto wachanga wa jamaa kadha wakifa kwa homa na majipu yasiyopona. Aliandika habari zao mwaka 1950, na tena kwa urefu mwaka 1956. Katika damu yao zilipunguka mno chembe nyeupe za namna moja, zile zinazokimbilia vijidudu kwanza, kama askari wa zamu. Chembe hizo hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, nazo haziishi sana; basi mwili hauna budi kutoa karibu bilioni 100 kila siku. Kwa watoto hao kazi ilianza vema, kisha ikakatika njiani: chembe zilikufa changa, kabla ya kukomaa.

Mwaka 2007 wataalamu walipata chanzo katika jamaa hizo: hitilafu ya jeni moja, iitwayo HAX1. Mtoto huugua akiipokea kwa baba na kwa mama pia. Aliyeipokea upande mmoja tu ni mzima, huishi hata uzee pasipo kujua anachokibeba. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina hatari moja katika nne, wala haiwahesabu watoto waliotangulia. Ni njia ile ile ya selimundu, ambayo Wakongo wengi waijua kwa jina la drepanositozi.

Hapo mwingine hushika katekisimu na kusema: Je, hatufundishwi kwamba twarithi dhambi ya Adamu? Naam, twafundishwa. Lakini dhambi ya asili ni hali tuliyoipokea, si tendo tulilolitenda. Tena imewapata watu wote, mwenye afya na mgonjwa; basi haiwezi kueleza kwa nini huyu ameugua na mtoto wa jirani anacheza uwanjani. Wayahudi wa kale walikuwa na methali iliyowatoza watoto deni la baba zao, naye nabii Ezekieli aliikataza.

Chanzo ni kitu kimoja, kosa ni kingine. Ili mtu akose, lazima ajue na atake. Mama aliyepokea hitilafu kwa babu zake hakujua wala hakutaka. Amlaumuye amhukumu kwa jambo lililofanyika kabla hajazaliwa. Kosa laweza kuingia baadaye. Mtoto wa namna hii akishikwa na homa, yafaa afike hospitali siku ile ile. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 iko sindano inayouamsha uboho, na wengi waipatao huishi, ingawa wengine hupatwa baadaye na saratani ya damu. Anayepoteza siku tatu akimtafuta mchawi, huku mtoto awaka moto, huyo ana la kujibu mbele ya Mungu.

Yuko na mume amfukuzaye mkewe baada ya kuzika watoto wawili. Huoa mwingine, asiye na hitilafu ile, na watoto wote wanazaliwa wazima. Kijiji chasema: Mmeona? Laana ilikuwa ya yule wa kwanza. Kumbe mume mwenyewe angali anaibeba hitilafu ile katika damu yake, na kila mtoto anayemshika mkononi kwa furaha ana nafasi moja katika mbili ya kuwa ameipokea kwake.