Kuwakumbuka Wazee Wetu Waliofariki: Sifa au Kweli?



Katika majira ya mvua yaliyopita Mungu aliwaita wazee watatu wa jumuiya yetu, huku kando ya ziwa Tanganyika. Wa kwanza alikuwa mama mkunga, ambaye mikono yake iliwapokea watu wengi wa mtaa wetu walipozaliwa. Wa pili alikuwa katekista mstaafu. Serikali ya Zaire ilipozitwaa shule za misioni mwishoni mwa mwaka 1974, na somo la dini likaondolewa darasani, yeye aliwakusanya watoto jioni chini ya mwembe akawafundisha sala, hata yakaja mapatano ya mwaka 1977 yaliyozirudisha shule katika uongozi wa makanisa. Wa tatu alikuwa fundi seremala. Mabenchi tunayokalia kanisani ni kazi yake. Tena, katika maasi ya mwaka 1964, akiwa bado kijana, alifukia kalisi ya misioni shambani mwake, akairudisha siku amani ilipopatikana.

Katika kila kilio niliombwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi na katekista, nisimulie maisha ya marehemu. Kwa wale wawili wa kwanza kazi ilikuwa nyepesi. Kwa yule wa tatu nilijikwaa, na katika kujikwaa kwangu ndimo lilimozaliwa swali ninalotaka kulichunguza pamoja nanyi: Mkristu ana wajibu gani kwa wazee waliofariki? Je, yampasa kuwasifu tu, au yampasa kusema kweli?

Nieleze kwanza jambo lilivyokuwa. Usiku wa kuamkia mazishi nilisimama mbele ya watu, nikataja mabenchi, nikataja kalisi, kisha nikamaliza hivi: «Mzee huyu hakuwa na neno na mtu yeyote.» Watu wakaitikia kwa vichwa. Lakini kati ya akina mama walioketi mikekani aliinuka mjane wa mdogo wake marehemu, akajifunga kitambaa chake vizuri, akaondoka gizani bila kusema kitu.

Sisi sote tulijua sababu. Mdogo wake alipokufa, seremala alilishika shamba la michikichi ambalo ndugu yake alilipanda kwa mikono yake mwenyewe. Kwa miaka mingi mjane yule alinunua mafuta ya mawese sokoni, na michikichi ya mumewe aliiona kila siku akienda kuteka maji.

Siku tatu baada ya mazishi nilikwenda kumsalimu. Alinipa kigoda, akaniambia: «Mwalimu, mwanangu, usiku ule ulituzikia mtu mwingine. Shemeji yangu mimi ninamjua. Nilikuwa nimekuja nimsamehe mbele ya watu. Nawe ukasema hakumkosea mtu. Basi mimi ningemsamehe nini?»

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na neno hilo moyoni, na tangu hapo nimelitafakari.

Desturi yetu husema kwamba marehemu hasemwi vibaya. Tusiidharau desturi hii, maana imebeba mambo mema. Marehemu hawezi tena kujitetea. Na ni ukatili kumwongezea yatima uchungu siku anapomlilia baba yake. Walakini, tukijichunguza vizuri tutaona kwamba mara nyingine sababu ni nyingine. Wengine huogopa kwamba aliyekufa atakasirika na kuwarudia. Hofu hiyo haimfai aliyebatizwa, kwa kuwa wafu wamo mikononi mwa Mungu. Wengine husifu ili wao nao wasifiwe siku yao itakapofika. Wengine husifu kwa sababu wana aibu yao wenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wa mwisho, na nitalieleza jambo hilo mbele kidogo.

Kwanza tutazame jinsi Maandiko Matakatifu yanavyowakumbuka wafu. Yoshua bin Sira anapowasifu baba zetu wa zamani, humtukuza Sulemani kwa hekima yake na kwa hekalu alilolijenga. Papo hapo hataji hekima peke yake, bali aeleza jinsi alivyojitia doa kwa ajili ya wanawake. Injili yasimulia kwamba Petro alimkana Bwana wake mara tatu, na Kanisa, ambalo msingi wake ni mitume, halikulifuta jambo hilo ili kumpatia mkubwa wake heshima zaidi.

Lakini mfano ulionigusa kuliko yote umo katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo. Baada ya vita, Yuda na watu wake walikwenda kuchukua miili ya wenzao waliouawa ili kuizika. Chini ya mavazi ya wafu hao waliona hirizi za sanamu, vitu vilivyokatazwa na Torati. Wangaliweza kuvificha na kusema tu kwamba hawa walikuwa mashujaa. Hawakufanya hivyo. Walimtukuza Mungu anayefunua yaliyofichwa, wakasali ili dhambi ile ifutwe kabisa, kisha Yuda akachanga fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya wafu. Angalieni vema mfuatano huu: kosa lilionekana, likakubaliwa, likazaa sala. Kama lingefichwa, sala ingetoka wapi?

Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi ya Aljeria ya leo, alifuata njia iyo hiyo kwa mama yake mwenyewe. Mtakatifu Monika alifariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Kabla ya kufa aliwaambia wanawe wasijisumbue juu ya mahali pa kuuzika mwili wake; aliwaomba jambo moja tu, nalo ni kumkumbuka altareni kwa Bwana popote watakapokuwa. Baadaye Agostino aliyaandika maisha yake katika kitabu cha Maungamo. Asimulia machozi na uvumilivu wa mama yake. Lakini asimulia pia kwamba Monika, alipokuwa msichana, alizoea kuonja divai kwa siri ghalani, hata mtumishi mmoja wa kike alipomkemea kwa neno kali. Juu ya baba yake, Patrisi, asema kwamba alikuwa mtu mwema tena mwepesi wa hasira. Mwishoni awaomba wasomaji wake wawakumbuke wazazi wake hao wawili katika sala. Je, Agostino alimvunjia mama yake heshima? Hata kidogo. Alimpenda mno asiweze kumwacha bila waombaji.

Hapa ndipo nilipotambua kosa langu. Anayetangaza kwenye kilio kwamba marehemu hakuwa na kasoro hata moja, amemnyang'anya marehemu huyo sala zetu, kwa maana nani atamwombea mtu asiyehitaji kuombewa? Tunakiri kwamba kuna toharani, tunaadhimisha tarehe 2 Novemba kila mwaka kuwakumbuka waamini wote waliofariki, tunatoa nia za Misa. Halafu usiku wa matanga tunasema kana kwamba kila mzee amekwenda moja kwa moja kuketi kati ya watakatifu. Tena tumemnyang'anya aliyekosewa haki yake, na pamoja na haki uwezo wa kusamehe, kama alivyonieleza mama yule. Na watoto wa marehemu tumewanyang'anya nafasi ya kulipa deni la baba yao, ambayo ni heshima kubwa mtoto awezayo kumpa mzazi aliyefariki.

Pengine mmoja wenu atauliza: Je, mwalimu, si sisi Waafrika tunaowaheshimu wahenga? Ndiyo, na Kanisa la nchi yetu halikuidharau heshima hiyo. Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988, hutuongoza mwanzoni mwa Misa kuwaita watakatifu, na pamoja nao wahenga wetu wenye moyo mnyofu. Lakini zingatieni maneno hayo: wenye moyo mnyofu. Hawakuitwa wahenga wote kwa sababu tu wamekufa. Unyofu wa moyo hupatikana katika kuishi. Hotuba ya mwalimu usiku wa kilio haiwezi kumpa mtu unyofu asiokuwa nao.

Hata hivyo, asiwepo msomaji atakayelichukua neno hili na kwenda kulifanya fimbo. Amri ya nane inakataza uongo, na amri hiyo hiyo inakataza kufunua makosa ya mwenzako bila sababu ya haki kwa watu wasioyajua. Dhambi ya siri ya marehemu na ibaki siri, tumwachie Mungu. Kosa ninalolisema hapa ni lile linalojulikana na wote, ambalo limemwumiza mtu aliye hai, na ambalo bado laweza kutengenezwa. Tena mahali pake si mahubiri ya Misa ya mazishi. Kanuni za Misa zaagiza kwamba mahubiri hayo yawe mafupi, wala yasigeuzwe hotuba ya kumsifu marehemu, kwa kuwa huko tunahubiri kifo na ufufuko wa Kristu. Mahali pake ni katika ukoo, kwa idhini ya wakubwa wa nyumba, kwa maneno machache yenye heshima. Wazee husema, msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Lakini anayesema kweli ili kuaibisha, huyo hajapendwa na mtu.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Seremala aliugua miezi minne. Kila wiki nilikwenda kusali naye. Nililijua shauri la michikichi kama nilivyoujua mlango wa nyumba yake. Wakati ulikuwapo wa kumwambia, «Baba, mwite shemeji yako, mzungumze.» Sikusema. Alikuwa mzee, nami ni kijana kwake; alikuwa ameipatia shule yetu madawati bila kudai malipo; nikaogopa kuonekana mtovu wa adabu. Basi usiku wa kilio, niliposema kwamba hakuwa na neno na mtu, nilikuwa ninafunika kimya changu kwa sifa zake. Sifa ile haikuwa zawadi kwake. Ilikuwa nguo yangu mimi.

Siku ya kumaliza matanga niliomba ruhusa kwa wakubwa wa nyumba, wakanipa. Nikasema: «Ndugu zangu, mzee wetu alitupatia mabenchi, akaiokoa kalisi ya misioni, nasi tunamshukuru. Ameacha pia neno moja na nyumba ya mdogo wake ambalo halikumalizika. Mimi nililijua nikanyamaza, naomba radhi. Tumwombee, nasi tuliobaki tulimalize.» Kimya kikatanda. Mtoto wake wa kwanza akainamisha kichwa. Kisha mama yule akasema kutoka mkekani, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesalimu: «Mimi nimemsamehe. Mungu naye amsamehe.»

Shauri la shamba lenyewe bado liko mbele ya wazee wa ukoo, maana michikichi imekuwa mingi na warithi ni wengi. Lakini mtoto yule ametoa nia ya Misa kwa ajili ya baba yake, na siku ya Misa hiyo mjane alikuja, akakaa kwenye benchi alilolichonga shemeji yake, akasali pamoja nasi.

Ndugu makatekista, tuna kazi hapa. Katika kitabu cha wafu cha parokia, mzee aliyeishi miaka themanini huandikiwa mistari michache tu: jina, siku ya kufa, siku ya kuzikwa. Mengine yote yamo mioyoni mwetu, na mioyo husahau. Mimi nimewapa wanafunzi wangu wa darasa la sita daftari moja. Kila Jumamosi wawili kati yao huenda kwa mzee mmoja, humtekea maji, kisha humwuliza: Ulizaliwa wapi? Nani alikufundisha sala? Uliona nini katika miaka ya maasi? Jambo gani ulilifanya vema, nasi tulishike? Swali la mwisho hawaulizi watoto. Nakwenda kuliuliza mwenyewe, tukiwa wawili tu: Baba, mama, je, liko neno ambalo ungependa limalizike wakati ungali hai?

Wazee wawili wamenifukuza. Mmoja alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akaniomba niende kumwita jirani yake.