Chupa Juu ya Mwembe

Kuanzia Novemba, ngowe zikianza kujaa na boribo kubadilika rangi, mwenye mwembe karibu na njia ya shule halali mchana. Saa nane, jua likiwa kali na mtu amejinyoosha mkekani, jiwe la kwanza linagonga bati. La pili linafuata. Ukitoka nje unaona visigino tu vikipotelea nyuma ya ua, na maembe mabichi yametapakaa chini, mengine yameumwa mara moja yakatupwa. Mchezo huo tunauita kupopoa, na sijakutana na mzee wa Malindi au Kilifi anayeweza kuapa kwamba hakuucheza utotoni.

Mzee ninayemsimulia aliucheza pia. Alinieleza mwenyewe, akicheka, zamani kabla mambo hayajaharibika. Alikuwa jirani yangu nje kidogo ya mji wa Malindi, upande wa Ganda. Alifanya kazi za hoteli miaka mingi, akahudumia Waitaliano mpaka akawa anawasikia wakimsema naye anawajibu kwa lugha yao. Alipostaafu alijenga nyumba ya mawe ya matumbawe, akaezeka mabati, akazungusha ua wa makuti. Ndani ya ua palikuwa na miembe minne, mnazi mfupi wa madafu, na matuta ya mchicha na mabamia ambayo aliyanywesha kila alfajiri kabla ya kunywa chai yake.

Kumwagilia mboga kwetu si jambo dogo. Maji tunayotegemea hutoka Baricho, kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, na hayo hayo hugawanywa hadi Kilifi na Mombasa. Ziko siku nyingi mfereji hautoi hata tone, na mzee alikuwa akinunua maji kwa mtungi. Siku watoto waliporuka ua wakakanyaga bomba lake la plastiki likapasuka, maji ya tangi zima yalikwisha mchangani usiku ule. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kila anayelalamikia watoto ni mchoyo wa embe. Mzee hakuwa mchoyo. Alipata hasara, na hasara yake ilikuwa ya haki kulalamikiwa.

Watoto nao walikuwa na hoja, ingawa hakuna aliyewauliza. Kabla ya ua ule, njia ya kwenda shule ilikata katikati ya ploti. Mama zao waliipita wakiwa wasichana wenye madaftari kifuani. Mzee alinunua ardhi kwa halali, akaifunga, na kwenye karatasi njia ikawa haipo. Kwenye miguu ya watoto ilikuwapo. Tembea ufuoni utaona jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi, pale kuta za majumba ya kifahari zilipoziba vijia vya kushukia baharini na wavuvi wakalazimika kuzunguka. Mtu mzima akizibiwa njia huenda kwa chifu. Mtoto huruka.

Kwanza mzee aliwafokea. Halafu akawatukania mama zao, na hapo ndipo alipoipoteza kesi yake, kwa sababu mtoto hapeleki nyumbani habari ya jiwe alilorusha, hupeleka habari ya tusi alilotukanwa. Jioni ile wanawake wawili walipita mbele ya ua wake bila kumwamkia. Kwa mzee wa pwani, kunyimwa shikamoo si jambo dogo.

Aliniuliza kama polisi wangewakamata. Nilimjibu nilichokijua: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na wengi wa wale waliokuwa wakiruka hawakufika hata kumi. Nikamwonya pia kwamba akimpiga mtoto wa mtu, atakayesimama mbele ya hakimu ni yeye. Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini niliyaacha hapo hapo. Nilimwambia mambo mawili asiyoweza kufanya, wala sikumsindikiza kwenye lile ambalo angeweza. Ningesema, "Babu, jioni tufuatane kwa wazazi wao." Sikusema. Nilirudi kwangu.

Mwingine alimpa ushauri badala yangu. Wiki iliyofuata tuliona chupa nyeusi ikining'inia kwenye tawi la mwembe mkubwa, imefungwa kitambaa chekundu shingoni. Hakuna mtu wa huku asiyejua maana yake. Kago hutundikwa juu ya mti au hufichwa shambani ili mwizi apatwe na jambo, na fingo huzikwa chini kulinda boma. Mzee alisubiri watoto watoke shule, akasimama njiani, akawatangazia mbele ya waliokuwa wakipita: "Atakayekula embe langu, tumbo litamvimba."

Kago lilifanya kazi, na huo ndio ubaya wenyewe. Zaidi ya mwezi hakuna jiwe lililogusa bati. Maembe yaliiva yakaanguka, na watoto walizunguka mbali, wengine wakipita wameziba pua ili wasivute hata harufu. Mzee alilala mchana kwa raha. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kwamba watoto wa siku hizi wanataka kutishwa tu. Akanong'ona kwamba ndani ya chupa mlikuwa na maji na vipande vya makaa, basi. Tulicheka pamoja. Ninakikumbuka sana kile kicheko.

Januari mtoto wa kiume wa miaka sita aliugua. Alikuwa na homa, akawa hali chakula, na tumbo likajaa likawa gumu. Mama yake alimbeba kwenda zahanati, akaambiwa arudi kesho kwa majibu. Usiku huo bibi ya mtoto alimkalisha akamwuliza, "Ulikula embe la babu?" Mtoto akalia. Ndiyo, alikuwa ameokota moja lililodondokea nje ya ua, akalila akiwa amejificha, na tangu siku hiyo alikuwa akilala akiogopa. Woga wa mtoto ndio uliotoa ushahidi. Ushahidi wa pili alikuwa ameutoa mzee mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana kweupe, na mashahidi wakiwapo.

Kabla ya jua kuchomoza mtaa mzima ulikuwa na habari. Walioanza kukusanyika hawakuwa wale wanawake wawili, walikuwa vijana, na baadhi yao hawakuwahi hata kumwona yule mtoto. Mzee alitoka mlangoni akaeleza kwamba ni maji na makaa. Aliteremsha chupa aifungue mbele yao. Umati ukarudi nyuma ukipiga kelele kana kwamba ameshika nyoka. Mzee wa kijiji alimpenyeza kupitia nyuma, akampakia kwenye bodaboda kati ya watu wawili, akampeleka kituo cha polisi. Ndiye aliyemwokoa. Nyuma yao ua wa makuti uliwaka kwa dakika chache tu, jiko likafuata, na miembe yote minne ilikatwa kwa shoka, pamoja na ule uliokuwa bado na matunda.

Mzee alikuwa na bahati. Kilifi imezika wazee wengi walioitwa wachawi, na mara nyingi mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni vilitosha kuwa ushahidi, hasa pale penye shamba linalogombewa nyuma ya pazia. Kaya Godoma, huko Ganze, kuna makao ya wazee waliokimbia nyumbani kwao kwa tuhuma hizo, chini ya chama cha utamaduni cha Malindi kijulikanacho kama MADCA. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili waishi. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye mvi kutundika chupa na kutangaza kwamba tumbo la mtoto litavimba ni kujiandikia hati ya mashtaka kwa mkono wake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo wakoloni walituachia na bado tunayo, inamkataza mtu kujidai ana nguvu hizo, na inamkataza pia mwingine kumwita jirani mchawi huku na huko badala ya kupeleka malalamiko kwa chifu au polisi. Asubuhi ile pande zote mbili zilikuwa zimeivunja, na hakuna aliyeikumbuka.

Ng'ambo ya njia anaishi mama muuza mahamri. Watoto ni wale wale. Kwake walivunja mtungi wa udongo aliorithi kwa mamake, kwa jiwe lililokuwa limelenga pera. Alimshika mmoja wao mkono, hakumpiga, akamwuliza swali moja tu: "Wewe mtoto wa nani?" Akamwacha aende. Baada ya magharibi alifunga vigae vya mtungi kwenye leso, akaenda kwao, akapiga hodi. Alikaa, akaulizia wagonjwa wa nyumba ile, akanywa chai. Kisha akafungua leso kwenye mkeka bila kusema neno. Mama wa mtoto alivitazama vile vigae muda mrefu. Waliafikiana kwamba mtoto amchotee maji siku tatu na mama alipe nusu ya bei ya mtungi mpya. Baba alitaka kuchukua fimbo, akitaja ile methali ya asiyefunzwa na mamaye. Yule mama akamjibu, "Mwanangu huyu nataka anichotee maji, na akivimba mikono hatanichotea."

Halafu alifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Alisogeza ua wake hatua mbili, akaacha kijia pembeni mwa ploti, akapanda mnyaa upande wa kwake. Mapera yakiiva huwaita Jumamosi wachume wao wenyewe, kwa mikono, bila mawe. Sisemi hawakumwibia tena. Waliiba, nao ni watoto. Lakini asubuhi ile umati ulipotafuta nyumba ya pili ya kuvamia, kwa kuwa umati haushibi, watoto wenyewe walisimama mbele ya mlango wake wakisema huyu ni mama yetu wa mahamri.

Nawe unayesoma haya ukiwa na mti uani, nakuomba jambo moja. Usiache mwezi upite tangu jiwe la kwanza kabla hujajua jina la aliyelirusha na kukanyaga kizingiti cha kwao. Enda jioni, enda na kilichovunjika mkononi, enda ukiwa umepoa. Na ukimwona jirani mzee anahangaika na watoto, usimwache peke yake kama nilivyofanya mimi. Fuatana naye.

Majibu ya zahanati yalitoka saa nne ya siku ile, moto ukiwa bado unatoa moshi. Mtoto alikuwa na minyoo. Alipewa dawa, tumbo likashuka. Mzee anaishi Mtwapa kwa binti yake na hajarudi. Mtoto sasa yuko gredi ya nne, na kila asubuhi hupita katikati ya ile ploti akienda shule, pale pale ilipokuwa njia.