Nani Mdeni wa Maji ya Mlimani?



Wengi wetu tunaoishi Morogoro tumepata kupanda Milima ya Uluguru, ama pamoja na vijana siku ya mapumziko, ama kwa kusindikiza wageni. Mji wetu uko kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinafika mita 2,138. Njia ya kwenda Bondwa nayo hupita Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani, ikakata mashamba ya mboga, kisha ikaingia msituni. Mtu akifika juu wakati mawingu yamejitenga, huona nyumba za mji zimekuwa kama punje za mahindi, na kando ya mji huona Bwawa la Mindu likimeta juani.

Ukiliangalia kutoka huko utadhani ni ziwa. Kumbe ni maji ya Mto Ngerengere yaliyozuiwa kwa ukuta, kazi iliyokamilika katika miaka ya 1980, ili mji upate maji. Na maji hayo hayakuanzia pale. Yalianzia huku juu, katika ukungu na msitu, yakateremka kwa vijito kando ya migomba na maharage ya watu. Upande wa mashariki ndiko Mto Ruvu unakopata maji mengi, ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huyanywa. Mwezi wa Novemba 2021, Ruvu ulipopungua kwa ukame, jiji lile lilipata maji kwa mgawo.

Basi aliye kileleni huona jambo jingine pia. Huona mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko mikali, na anajua kwamba mvua kubwa ikinyesha udongo huteremka pamoja na maji, ukaenda kutua bwawani. Hapo ndipo neno hututoka upesi: "Watu hawa wanaharibu maji yetu." Yafaa tulipime neno hilo. Maji ni yetu kwa haki gani? Na kati yetu sisi wa bondeni na yule mwenye jembe mlimani, nani mdeni wa mwenzake?

Hukumu ya namna hiyo imekwisha kutolewa zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona, na iliona kweli, kwamba udongo wa Uluguru unaondoka. Ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, na asiyechimba aadhibiwe. Kazi ilikuwa nzito. Tena mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba, na ukichimba ngazi unafukua udongo wa chini ambao hauoteshi kitu. Waluguru walichoka. Mwaka 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa.

Kosa lilikuwa wapi? Si katika kujali udongo. Lilikuwa katika kudhani kwamba anayeona mlima wote amekwisha kuwaona na watu wake. Kutoka juu tunaona miteremko, mito na bwawa, lakini hatuoni sufuria ya mama iliyo jikoni wala ada ya shule ya mtoto wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bomba hamjui mwenye mteremko.

Sasa tutazame jambo la pili. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine katika vijiji vya Kibungo Juu. Walikaa na wakulima wakazungumza, kisha wanaotumia maji huko Dar es Salaam wakaombwa wachangie malipo kwa wakulima watakaotunza udongo. Wakulima kadhaa wakapanda miti na kuchimba matuta ya ngazi. Ni kazi ileile ambayo wazee wao waliikataa! Mteremko ni uleule na jembe ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliulizwa, na jasho lao likahesabiwa kuwa na thamani.

Wako watakaosema kwamba si haki mtu alipwe ili asiwadhuru wenzake. Hoja hii ina uzito, wala tusiipuuze. Mwizi halipwi ili aache kuiba. Lakini mkulima wa mlimani si mwizi. Analima shamba alilorithi katika ukoo wake, tena msitu ulio juu yake amekwisha kukatazwa, maana tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye hekta zipatazo 24,000. Anapochimba tuta, siku ni zake, mgongo ni wake, na sehemu ya shamba inayopungua ni yake. Faida kubwa inakwenda kwa asiyemjua, anayefungua bomba mjini. Tukimwita mharibifu siku udongo unapoteremka, tumwite nani siku maji safi yanapoteremka? Haiwezekani tumdai kwa matope na tusimshukuru kwa maji.

Hatusemi kwamba yeye hana wajibu. Anao, kwa jirani wa chini yake na kwa watoto wake watakaorithi mteremko huo. Ila wajibu wake na wetu hupimwa kwa mizani moja.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Basi tupandao milima hii tukishuka, tusimame kidogo mashambani, tuamkie wazee, tuulize mvua za mwaka huu zimewatendea nini. Akina mama wanaoteremka na matenga ya mboga kichwani kuja sokoni, tusiwapunje bei kwa kuwa jioni imewakuta mbali na kwao. Na penye mkutano wa kuzungumzia maji ya mji, mmoja wetu aulize kama watu wa mlimani wamealikwa, na kama hawakualikwa, aombe mkutano uwangoje.