Mwalimu na Mwalimu Mwenzake



Leo twataka kunena juu ya waalimu, si pamoja na wanafunzi wao, bali wao kwa wao. Maana uonevu umo katika vyumba vya waalimu, hata miongoni mwa watu washirikio nasi Meza ya Bwana.

Mwalimu mgeni afika shuleni, hana ndugu wala rafiki. Wakubwa wake humtwika vipindi wasivyovitaka wenyewe. Akiomba chaki, huambiwa imekwisha. Akinena mkutanoni, wenzake hutazamana na kucheka. Akiingia, mazungumzo hukoma. Tena mkuu wake humkemea mbele ya watoto, na kesho yake watoto nao hawamsikii. Hakuna aliyempiga, lakini usiku hapati usingizi, na kengele ya asubuhi humtia hofu. Wamtendao hayo husema, Ni mzaha tu, nasi tulipokuwa wageni tulitendewa vivyo hivyo. Naam, kwa njia hiyo desturi mbaya hurithiwa.

Someni Hesabu, mlango wa 12. Miriamu na Haruni walikuwa watenda kazi pamoja na Musa, tena ndugu zake wa tumbo moja. Wakamsema kwa ajili ya mkewe Mkushi. Kumbe lililowauma ni jingine, kwamba Bwana alimtumia Musa kuliko wao. Hata leo mgeni husemwa kwa kabila lake au matamshi yake, na pengine kosa lake ni kwamba watoto wayaelewa masomo yake. Bwana akasikia, akawaita wote watatu watoke waende hemani pa kukutania. Yaliyonenwa faraghani yakaamuliwa mahali pa wazi.

Nanyi mliomo chumbani, msiocheka wala kusema neno? Luther, katika Katekismo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529, hakuiishiza amri ya nane katika kukataza uongo. Alitaka tumtetee jirani na kumnenea mema. Katekista awafundishaye watoto wa Kipaimara amri hiyo, kisha ofisini akainamia madaftari yake mwenzake anapodhihakiwa, ameifundisha nusu tu.

Wala hatumwambii aliyeonewa avumilie kimya kwa jina la upole. Musa alikuwa mpole, lakini Bwana hakuyaacha maneno yale yapite. Basi na aandike siku na jambo alilotendewa, amwendee mkuu wake. Na ikiwa mkuu ndiye amwoneaye, awaendee walio juu ya mkuu, na mchungaji wake ajue. Kusema hivyo si kukosa imani.

Miriamu akapigwa kwa ukoma, na aliyemwombea ni Musa mwenyewe, yule aliyesemwa. Akafungiwa nje ya kambi siku saba. Na watu wote, wazee kwa watoto, wakakaa Haserothi wala hawakusafiri, hata aliporudishwa.